Kukaza na kulegeza shokapu ukiwa barabarani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu magari ya kifahari ya miaka ya 1930

Katika miaka ya 1930 mnunuzi wa Packard, Cadillac, Bentley au Rolls-Royce aliweza kukuta karibu na mkono wake kishikio kidogo cha kubadilisha ugumu wa shokapu gari likiwa linakwenda. Wahandisi wa wakati ule hawakukubaliana juu ya kishikio hicho. Kuna walioona ndiyo njia pekee ya haki, na kuna walioona ni plasta juu ya jipu. Ubishi wao haujafa, kwani swichi iliyo kwenye gari lako la leo ni mjukuu wake. Haya ni maswali yanayojirudia kila jambo hili linapozungumzwa.

Kwani shokapu inafanya nini, ikiwa springi ndizo zinazobeba gari?

Springi hubeba uzito na kuipokea nguvu ya shimo au tuta. Lakini springi haipotezi nguvu hiyo. Inaihifadhi, kisha inairudisha. Gari lisilo na shokapu likivuka tuta moja litaendelea kudunda hadi msuguano wa springi zenyewe na wa bushi uchoshe mdundo. Kazi ya shokapu ni kuichukua nguvu hiyo na kuigeuza kuwa joto.

Sasa shika jambo moja, maana kila kitu kinachofuata kinalitegemea. Gari lina mienendo miwili tofauti. Bodi hupanda na kushuka polepole, kama mara 1 hadi 1.5 kwa sekunde. Huo nitauita mdundo. Magurudumu na ekseli, vitu ambavyo havibebwi na springi, hutetema haraka zaidi, kama mara 10 kwa sekunde. Huo nitauita mtetemo. Shokapu ni moja, na inatakiwa ishughulikie yote mawili.

Kwa nini wasingechagua ugumu mmoja ulio sahihi wakamaliza ubishi?

Kwa sababu ugumu huo mmoja haupo, na hili linaonekana kwa hesabu.

Chukua bodi inayodunda mara 1 kwa sekunde. Barabara ikiisukuma polepole, karibu na kasi hiyo ya mdundo wake wa asili, shokapu ngumu ni rafiki: inazuia bodi isipande kupita kiasi. Lakini misukumo ya barabara ikizidi kasi ya mdundo wa asili kwa takribani mara 1.41, yaani kipeuo cha pili cha 2, mambo yanageuka. Kuanzia hapo kwenda juu, kila ugumu unaouongeza unazidisha mshtuko unaomfikia abiria, kwa kuwa shokapu ngumu inaunganisha gurudumu na bodi na kuifanya kazi ya springi kuwa bure.

Sasa liweke gari barabarani. Mwinuko na mbonyeo wa barabara unaojirudia kila mita 20, ukipitwa kwa kilomita 72 kwa saa, unaisukuma bodi mara 1 kwa sekunde kamili. Hapo dereva anataka shokapu ngumu, la sivyo gari linaelea kama jahazi. Barabara ya mawe yenye vinundu kila mita 1, ikipitwa kwa kilomita 36 kwa saa, inatoa misukumo 10 kwa sekunde. Hapo abiria wa nyuma anataka shokapu laini. Hili ni gari moja, siku moja, na pengine safari moja: asubuhi mitaa ya mji iliyotandikwa mawe, mchana barabara kuu.

Mhandisi aliyefunga vali moja isiyobadilika alikuwa amechagua nani ataumia. Wale waliotaka kishikio walisema: acha anayeendesha achague.

Nani alianza kutengeneza shokapu?

Mwanzoni mwa karne ya 20 magari mengi hayakuwa nazo. Springi za vyuma bapa vilivyopandana zina msuguano wake, na kwa mwendo wa pole msuguano huo ulitosha. Mashindano ndiyo yaliyoonyesha upungufu. Mors ya Ufaransa ilivaa vizuia mdundo kwenye magari yake ya mbio mwaka 1902.

Mfaransa Truffault alibuni kifaa cha mikono miwili iliyounganishwa kwa sahani za msuguano, na Mmarekani Edward Hartford akachukua haki ya kukitengeneza Marekani. Jina la Hartford likaenea hadi watu wakaita kila shokapu ya msuguano kwa jina hilo. Huko Ufaransa zilisambazwa na François Repusseau, ambaye hakuwa mfanyabiashara wa mezani tu: mwaka 1925 alishinda mbio za Monte Carlo akiendesha Renault 40CV.

Claud Foster wa Cleveland, mtengenezaji wa Gabriel, alikuja na mkanda uliojiviringisha ndani ya kasha na kuzuia springi wakati wa kurudi tu. Naye Maurice Houdaille wa Ufaransa akashika njia ya mafuta: mapezi yanayozunguka ndani ya kasha lililojaa kimiminika, kimiminika kikilazimishwa kupita kwenye tundu dogo. Njia hiyo ya mwisho ndiyo iliyoshinda, ingawa ilichukua muda.

Msuguano na mafuta vinatofautiana vipi?

Shokapu ya msuguano hupinga kwa nguvu ileile, mwendo uwe mdogo au mkubwa. Ukikaza nati yake ili izuie mdundo mkubwa, inakataa kabisa kusogea kwenye vinundu vidogo, na gari linakuwa kana kwamba halina springi. Ukiilegeza ili vinundu vidogo vipite, inashindwa kwenye shimo. Abiria wa limuzini alilihisi hili kila siku: barabara nzuri ilimchosha kuliko alivyotarajia.

Shokapu ya mafuta hupinga kulingana na kasi ya mwendo. Ikisogezwa polepole hukubali, ikisukumwa haraka hukaza. Tundu tupu lina kasoro yake, kwani upinzani wake hupanda kwa mraba wa kasi: kasi ikiongezeka mara 2, upinzani unaongezeka mara 4. Ndiyo maana zikaongezwa vali zenye springi ndogo, zinazofunguka shinikizo likizidi kiwango. Vali hizo ndizo mlango wa habari yetu, maana aliyeweza kubadilisha mkazo wa springi ya vali aliweza kubadilisha tabia ya gari zima.

Tusizidharau zile za msuguano. Zilikuwa za kwanza kurekebishika kwa mkono wa kawaida: spana moja, nati moja, na sahani yenye alama. Tatizo lilikuwa lazima usimame ushuke.

Magari gani yalianza kumpa dereva uwezo huo akiwa amekaa?

Marekani ilitangulia kwa wingi. Packard waliuweka kwenye magari yao ya mwaka wa modeli 1932, yaliyotangazwa katikati ya 1931: kitufe cha dashibodi kilichosogeza vali za shokapu zote kwa hatua 3. Cadillac ya 1932 ilikuwa na kishikio kilichofanya kazi kama hiyo kwenye shokapu za Delco, kwa hatua kadhaa kutoka laini hadi ngumu. Pote palikuwa na fito na mikono midogo chini ya gari, kutoka kwa dereva hadi kila gurudumu.

Uingereza ilifuata kwa namna mbili. Kwenye magari ya michezo, kampuni ya André ya London iliuza mfumo wa Telecontrol: shokapu za msuguano zilezile za aina ya Hartford, lakini sahani zake zikibanwa kwa shinikizo la kimiminika kutoka dashibodi, na geji ikimwonyesha dereva amebana kiasi gani. Rolls-Royce, pamoja na Bentley iliyokuwa mali yake tangu 1931, wakaja na njia yao katikati ya miaka ya 1930.

Mfumo wa Rolls-Royce ulifanyaje kazi, na kwa nini unasifiwa?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kwa maoni yangu ndio uliofikiriwa vizuri kuliko yote ya wakati wake.

Pampu ndogo ilifungwa kwenye giaboksi na kuzungushwa nayo. Gari likienda haraka, pampu inazunguka haraka, na shinikizo la mafuta kwenye mabomba membamba yanayokwenda kwenye shokapu linapanda. Shinikizo hilo hukaza vali. Kwa hiyo bila dereva kugusa chochote, shokapu zilikuwa laini mjini na zikawa ngumu kadiri mwendo ulivyoongezeka. Juu ya hapo kulikuwa na kishikio kidogo katikati ya usukani kilichoinua au kushusha kiwango hicho kizima, kwa ajili ya siku ambayo gari limebeba watu na mizigo au barabara ni mbovu.

Angalia jinsi kazi ilivyogawanywa. Kasi inapimwa na mashine, kwa sababu mashine inaijua kasi kila dakika na dereva ana mambo mengine ya kuangalia. Mzigo na hali ya barabara anaviona dereva, kwa hiyo viliachwa kwake. Mfumo wa Packard ulimtaka dereva akumbuke vyote viwili. Huu ulimtaka akumbuke kimoja.

Phantom III ya 1936, yenye injini ya V12 na uzito wa zaidi ya tani 2.5 ikiwa na bodi, ilikuwa na mfumo huu. Bentley za miaka hiyo, zilizotengenezwa kwenye kiwanda cha Rolls-Royce mjini Derby, nazo zilikuwa nao, na huko ulipendwa kwa sababu nyingine: mwenye Bentley kwa kawaida aliendesha mwenyewe, na alitaka gari moja liwe la kumpeleka mkewe kwenye chakula cha jioni na la kukata kona za milimani.

Waliopinga walikuwa na hoja gani?

Hoja zao zilikuwa nzito, na nyingine hazijajibiwa hadi leo.

Ya kwanza ilihusu mtu. Kwenye limuzini anayeshika kishikio ni dereva wa kuajiriwa, amekaa mbele, karibu na katikati ya magurudumu mawili au mbele zaidi. Anayeteseka ni tajiri aliyekaa juu ya ekseli ya nyuma. Mwili wa dereva haumwambii kinachotokea nyuma. Tena kitu kinachoachwa kwa mtu kurekebisha mara nyingi hurekebishwa siku ya kwanza na kusahauliwa hapo.

Ya pili ilihusu fito. Kila kiungo kina uwazi wake mdogo, na chini ya gari kuna matope, chumvi na kutu. Vali 4 zilizokusudiwa kusogea sawasawa zinaanza kutofautiana, na shokapu 2 za ekseli moja zenye ugumu tofauti ni hatari kuliko 2 zenye ugumu usiofaa lakini sawa. Mabomba ya mafuta ya Rolls-Royce yalilipunguza tatizo hilo, kwa kuwa shinikizo ndani ya bomba moja ni lilelile kila mahali, lakini yaliongeza sehemu za kuvuja.

Ya tatu ndiyo iliyouma. Walisema kwamba gari linalohitaji kishikio cha shokapu ni gari lenye springi zilizopangwa vibaya tangu mwanzo, na kwamba kampuni zinauza kishikio kwa kushindwa kurekebisha chesi. Aliyeipa hoja hiyo nguvu ya vipimo, hata pale ambapo si yeye aliyeitamka, ni Maurice Olley.

Maurice Olley ni nani katika habari hii?

Alikuwa mhandisi Mwingereza aliyefanya kazi Rolls-Royce, ikiwemo kwenye kiwanda chao cha Springfield, Massachusetts. Mwaka 1930 alihamia Cadillac mjini Detroit. Alileta tabia ya Rolls-Royce ya kuchunguza usafiri kwa vipimo, na akaona kwamba kosa kubwa la magari ya wakati ule halikuwa kwenye shokapu.

Magari hayo yalikuwa na springi ngumu sana mbele na laini nyuma. Mbele zilifanywa ngumu kwa sababu ekseli nzima ya mbele, yaani chuma kimoja kinachounganisha magurudumu yote mawili, ikiwa na breki na matairi mapya ya upepo mdogo, ilikuwa na ugonjwa wa kutikisa usukani kwa nguvu ikiachiwa ilegee. Matokeo yake ni kwamba gari likigonga tuta, mbele inarudi haraka na nyuma inachelewa, kisha zinapishana: pua ikipanda, mkia unashuka. Kuinama na kuinuka huko ndiko kulikomtupa abiria wa nyuma.

Olley alitengeneza limuzini ya majaribio yenye uzani wa kuhamishika mbele na nyuma, pamoja na springi zinazobadilishika, ili aweze kubadilisha mambo hayo moja moja na kukaa ndani akiyahisi. Alichojifunza ni hiki: springi za mbele ziwe laini kuliko za nyuma. Gurudumu la mbele hugonga tuta kwanza, la nyuma baadaye kidogo. Kwa gari lenye mita 3.6 kati ya ekseli, likienda kilomita 72 kwa saa, ni sekunde 0.18 baadaye. Ikiwa nyuma inadunda haraka kuliko mbele, nyuma inaifikia mbele, na zote zinapanda na kushuka pamoja. Abiria anainuliwa na kushushwa gari likiwa limelala sawa, jambo ambalo mwili unalivumilia vizuri sana.

Lakini springi laini mbele haziwezekani na ekseli nzima. Hivyo hesabu ya ulaini wa safari ikawalazimisha kutenganisha magurudumu ya mbele, kila moja na springi yake. Mwaka 1934 Cadillac na kampuni dada za General Motors zilitoka na magurudumu ya mbele yanayojitegemea.

Kwa hiyo Olley alithibitisha kwamba kishikio hakikuhitajika?

Wengi husimulia hivyo. Mimi sikubali, na ushahidi wangu ni Phantom III yenyewe. Gari hilo lilikuwa na magurudumu ya mbele yanayojitegemea, springi zikiwa ndani ya kasha la mafuta, kwa muundo uliotokana na kazi ya General Motors. Na bado lilikuwa na pampu ya giaboksi na kishikio cha usukani. Rolls-Royce walichukua dawa ya Olley wakaona ugonjwa wa pili bado upo.

Olley alitibu kuinama na kuinuka. Hakuna mpangilio wa springi unaoweza kuifuta ile hesabu ya 1.41. Springi laini hushusha kasi ya mdundo wa asili, hivyo eneo ambalo shokapu ngumu inahitajika linakuwa dogo, na hiyo ni faida kubwa. Lakini eneo linabaki. Tena, bodi inayobebwa na springi laini huenda mbali zaidi kabla ya kusimama, na kwa mwendo mkubwa inahitaji kushikwa.

Hoja ya mzigo ni ya kweli? Matangazo yalisema kishikio ni cha gari likiwa limejaa.

Ni ya kweli kwa kiasi, lakini matangazo yaliivuta kupita uwezo wake. Tupige hesabu kwa mfano. Chukua sehemu ya nyuma ya gari yenye uzito wa kilo 800 juu ya springi. Pandisha watu na masanduku, kilo 300. Sasa ni 1,100. Kiasi cha ugumu wa shokapu kinachohitajika hupanda kwa kipeuo cha pili cha uzito, si kwa uzito wenyewe: kipeuo cha pili cha 1.375 ni kama 1.17. Maana yake unahitaji ugumu zaidi kwa asilimia 17 tu. Mabadiliko ya joto la mafuta yanaweza kuzidi hapo.

Kinachouma kwenye mzigo ni nafasi. Ikiwa springi zilibonyea sentimita 12 gari likiwa tupu, zitabonyea 16.5 likijaa, na sentimita 4.5 za kushuka zimekwisha kuliwa kabla ya kukutana na shimo. Shokapu ngumu husaidia ekseli isigonge chesi, lakini dawa yenyewe ni kuinua gari. Citroën walilielewa hilo walipotoa DS mwaka 1955 yenye gesi na mafuta badala ya springi za chuma, ikijisawazisha urefu bila kujali wangapi wamepanda.

Kwa hiyo kama ningesimama kwenye baraza la wahandisi wa 1932, ningetetea kishikio kwa ajili ya mwendo na barabara, na mzigo ningeutaja mwishoni.

Joto la mafuta lilikuwa tatizo kubwa kiasi hicho?

Ndiyo. Mafuta mazito asubuhi ya baridi ya Detroit huipa shokapu ugumu wa jiwe, na mafuta hayohayo baada ya saa moja ya barabara mbovu yanakuwa mepesi kama maji. Houdaille za Ford Model A zilijazwa gliserini iliyochanganywa na alkoholi kidogo, na zilikuwa na sindano ya kurekebisha tundu kwa mkono.

Kisha mwaka 1932 Ford yenye injini ya V8, gari la watu wa kawaida, ikaja na Houdaille zenye kidhibiti joto kinachorekebisha tundu chenyewe. Napenda sana kuwakumbusha watu jambo hili. Wakati matajiri wanavuta kishikio kwenye dashibodi, mkulima wa Marekani alikuwa na shokapu inayojirekebisha kwa angalau jambo moja bila yeye kujua.

Na De Ram za Bugatti?

Bugatti Type 57S ilivaa shokapu za Georges de Ram, zilizochanganya njia zote mbili: sahani za msuguano zinazobanwa na shinikizo la mafuta, na shinikizo hilo linazalishwa na mwendo wa mkono wa shokapu wenyewe. Zilijirekebisha zenyewe, zilikuwa ghali mno, na fundi wa kawaida hakuwa na namna ya kuzifungua. Zinaonyesha jinsi watu walivyokuwa tayari kulipa ili dereva asiulizwe kitu.

Kwa nini kishikio kilitoweka Marekani lakini kikabaki Uingereza?

Marekani, magurudumu ya mbele yanayojitegemea yalileta ulaini ambao mnunuzi aliuhisi kabla ya kufika kona ya kwanza, na fito za chini ya gari zikawa gharama isiyo na mtetezi. Barabara nyingi zilikuwa zimenyooka, na mnunuzi alitaka ulaini kwanza. Polepole shokapu za bomba zikachukua nafasi ya zile zenye mkono wa chuma unaozunguka. Za bomba zina mwendo mrefu wa pistoni na mafuta mengi kwa shinikizo dogo, hivyo hazichoki upesi, lakini haikuwa rahisi kupeleka fito ndani ya bomba linalocheza.

Uingereza barabara zilikuwa nyembamba na zenye kona, na gari la kifahari lilitazamiwa kwenda haraka barani Ulaya pia. Baada ya vita Bentley Mark VI ya 1946 ilibaki na kishikio cha usukani, ila kwa shokapu za nyuma tu. Mbele tayari kulikuwa na magurudumu yanayojitegemea yaliyorekebishwa vizuri. Nyuma kulikuwa bado na ekseli nzima, springi bapa, na abiria wanaopanda na kushuka. Rolls-Royce Silver Cloud ya 1955 ikabadilisha pampu kwa umeme: swichi kwenye shina la usukani, hatua 2, kawaida na ngumu. Aston Martin DB5 ilitumia Armstrong Selectaride, swichi ya dashibodi yenye hatua 4, nayo kwa shokapu za nyuma.

Nina gari la zamani la aina hii, au nalitengeneza. Kishikio kinasogea lakini sihisi tofauti. Nianzie wapi?

Anzia kwenye shokapu zenyewe kabla ya kishikio. Shokapu isiyo na mafuta ya kutosha haina kitu cha kukazwa. Zijaze kwa mafuta yanayotajwa na kitabu cha gari, wala si oili ya injini iliyobaki gereji. Vali zilikadiriwa kwa uzito wa mafuta hayo. Toa hewa yote, kwa kuwa hewa hubonyea na kuficha kila marekebisho. Kisha pima upande wa kulia na kushoto: fungua mkono wa shokapu, usukume kwa uzani uleule, na hesabu sekunde za kushuka. Zikitofautiana, usiguse kishikio hadi zilingane.

Baada ya hapo kagua fito au mabomba. Kwenye mfumo wa pampu ya giaboksi, kumbuka kwamba gari likiwa limesimama hakuna shinikizo, hivyo kulisukuma bodi ukiwa gereji hakutakuonyesha kitu. Lazima uliendeshe.

Na springi usizisahau. Magari haya yalikuwa na springi zilizovalishwa mifuko ya ngozi yenye grisi. Grisi ikikauka, msuguano wa vyuma hupanda na kuwa shokapu ya pili ambayo hukuiomba.

Swichi ya TEMS kwenye Prado na Toyota nyingine zinazoletwa hapa kutoka Japani ina uhusiano na haya?

Uhusiano wa damu. Toyota Soarer ya 1983 ilileta TEMS: kompyuta ndogo inayosoma mwendo, usukani na breki, kisha kuzungusha vali ndani ya shokapu. Ni wazo la pampu ya giaboksi likiwa limepewa macho zaidi, na swichi ya dereva iko pale kwa sababu zilezile. Land Cruiser na Prado kadhaa za soko la Japani zilikuja nayo, na zimefika Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Mara nyingi utakuta swichi inabonyezwa na hakuna kinachobadilika, kwa kuwa mwenye gari aliyetangulia alifunga shokapu za kawaida zilipokufa zile za asili, na waya zikaachwa zikining'inia. Chungulia juu ya shokapu: kama hakuna mota ndogo yenye waya, swichi yako haina pa kwenda. Kama mota ipo, zima gari, iondoe mota, washa, kisha badilisha swichi ukiangalia kama ncha yake inageuka.

Mwishowe upande gani ulikuwa sahihi?

Mwaka 1974 mhandisi Dean Karnopp na wenzake walichapisha hesabu ya shokapu inayobadilika ndani ya kila mdundo: ikaze pale tu inapoizuia bodi, ilegee pale ambapo ingeisukuma. Hesabu hiyo inawapa watu wa kishikio haki ya jambo la msingi, kwamba ugumu mmoja hautoshi. Inawapa wapinzani haki ya jambo jingine, kwamba mkono wa mtu hauwezi kuifanya kazi hiyo, maana mabadiliko yanayotakiwa hutokea mara kadhaa ndani ya sekunde moja.

Rolls-Royce wenyewe waliliacha jambo hili kwa miaka mingi, kisha mwaka 1989 Silver Spirit II ikatoka na shokapu zenye hatua 3 zinazojichagulia ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Kwenye usukani wake hakuna kishikio cha kuzibadilisha.